Bibi wa vitumbua aliyeitwa mwanga: uchambuzi wa kisa kimoja cha demensia Tanga

Kisa hiki ni cha Tanga mjini. Mtaa sitautaja wala jina la mtu, familia wamekubali niandike kwa sharti hilo na mi nalilinda. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, naishi mtaa huohuo, kwahiyo kuna vitu nimeviona kwa macho yangu na vingine nimesimuliwa na mkaza mwana wa huyu bibi ambaye ndo kabeba mzigo wote toka mwanzo. Naandika kwa sababu kila nikisikia watu wanaongelea demensia, huu ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, naona wanaongelea kichwa cha mgonjwa tu, kuna dawa gani, inapona au haiponi, basi. Mi nilichokiona kwa bibi huyu ni kwamba ugonjwa ulimchukulia kumbukumbu, lakini heshima yake, biashara yake na karibu uhai wake, hivo alinyang'anywa na watu. Na kidogo kilichorudi kimerudishwa na watu haohao.

Bibi ana miaka sabini na kitu. Cheti cha kuzaliwa hana ila mwenyewe husema wakati wa uhuru alikuwa kigoli, anakumbuka ngoma za siku hiyo, anazikumbuka hadi leo hata kama jana hajui alikula nini. Marehemu mumewe alikuwa mkata mkonge, enzi zile Tanga ilikuwa mkonge kweli, mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000, halafu kamba za nailoni zikaja bei ikaanguka mashamba yakadorora na mzee akarudi nyumbani mikono mitupu. Bibi ndo akaanza vitumbua. Watoto wote watatu wamekua kwa vitumbua, mmoja yuko Dar, binti yuko Maskati anafanya kazi za ndani, na wa tatu anaishi naye hapohapo na mke na watoto.

Naomba msome vizuri ratiba yake ya kazi maana ndo ufunguo wa kisa chote. Mchele unalowekwa jioni. Saa tisa usiku anaamka, anachukua ndoo anaenda bomba la jirani nyumba ya tatu kwa sababu saa hizo maji yanatoka kwa nguvu na hamna foleni, anarudi anakoroga unga na tui la nazi na iliki na hamira, akisikia adhana ya alfajiri moto unakuwa umeshawaka, na watu wanaoenda kibaruani wanapita na vitumbua vya moto. Hivyo hivyo miaka na miaka, kiangazi na masika, mgonjwa au mzima. Mtaa mzima umekula mkono wake.

Dalili za mwanzo zilikuja kwenye chenji. Mtu anatoa elfu moja anarudishiwa elfu tano, wastaarabu walirudisha, wengine walinyamaza wakawa wanakuja kila siku. Kisha vitumbua vikawa na sukari mara mbili, siku nyingine chumvi, wateja wakaanza kuhamia kwa mtu mwingine. Afu likaja la pesa. Bibi alikuwa anaficha pesa ndani ya kopo la mchele, anasahau kaficha, anamgeukia mkaza mwana wake: umeniibia. Mbele ya watu. Huyu dada alilia sana kipindi hicho, kaolewa humo miaka mingi hajawahi kuitwa mwizi, na mumewe badala ya kumtetea akawa anamwambia rudisha tu pesa ya mama yaishe.

Hapa niseme kitu ambacho laiti angeambiwa mapema kingempunguzia machungu. Hizi tuhuma ni za ugonjwa na wala si ngeni. Yule mgonjwa ambaye daktari Alois Alzheimer alimpokea Frankfurt mwaka 1901, ambaye kupitia yeye ugonjwa ukaja kupewa jina la huyo daktari, alikuwa mama wa miaka 51 tu, na kitu cha kwanza kilichoonekana nyumbani kwake kilikuwa wivu mkali kwa mumewe. Ubongo unapokosa kumbukumbu ya pesa ilipo unatafuta maelezo, na maelezo ya karibu kabisa ni kwamba mtu kaichukua, na mtu wa karibu kabisa ni yule anayekupikia na kukufulia. Ndo maana anayetuhumiwa mara nyingi ni yuleyule anayelea.

Sasa angalieni nyumba moja ilivyokuwa na tafsiri nne. Mkaza mwana aliona ni chuki ya mama mkwe. Mumewe aliona mama ana jini, akamleta mganga, wakafanya mafusho na kombe. Kaka wa Dar kwenye simu akasema huo ni uzee, muacheni, bibi yetu mzaa mama naye alikuwa hivyohivyo. Kwenye zahanati moja wakaambiwa kitu hichohicho, uzee tu mama, wakapewa vidonge vya vitamini. Tafsiri zilitofautiana ila zilifika sehemu moja, hamna aliyekaa kuuliza bibi anapitia nini na anahitaji nini. Na si wao tu. Kule Hai, Kilimanjaro, kulifanyika utafiti uliochapishwa 2013 ambao ulikuta kwa watu wa miaka 70 na kuendelea, kama 6 katika kila 100 wana demensia, na watafiti walioenda kuongea na familia walikuta wengi wanaona ni sehemu ya kuzeeka tu. Fikirieni wazee wa mtaa wenu, wapigieni hesabu.

Tuje kwenye usiku wenyewe.

Ilikuwa saa kumi kasoro za usiku. Nyumba ya tatu, ile yenye bomba, ilikuwa na mtoto mchanga mgonjwa, homa na degedege, hawajalala siku kadhaa na washaanza kujiuliza nani ana kijicho na mtoto wao. Katika hali hiyo mama wa mtoto anatoka uani anamkuta mwanamke mzee kasimama gizani, amevaa kanga moja tu imemlegea, hajapiga hodi, anaulizwa wewe nani hajibu. Akapiga ukelele, mwanga! mwanga huyo! Yaani mchawi. Mliokulia huku mnajua hilo neno linafanya nini usiku. Mtu anayewanga akikutwa nje kukikaribia kucha watu wanasema kadondoka, kazidiwa na dua ya nyumba, na kila aliyeamka anatoka na chake, huyu fimbo huyu chumvi. Vijana wa kijiwe cha bodaboda walifika wa kwanza kwa sababu wanalala palepale. Mmoja akaanza kurekodi kwa simu. Mwingine, na hili nimelisikia kwa zaidi ya mtu mmoja, akataja petroli.

Aliyemuokoa ni muadhini wetu. Mzee yule alikuwa anapita kwenda msikitini, akaona umati, akasogea na tochi, akaona kitu ambacho watu wote walikuwa hawajakitazama: bibi alikuwa ameshika ndoo. Akamwita kwa jina lake, akamwamkia kama kila siku, akamuuliza umekuja kuchota maji? Bibi akamwambia nimechelewa leo, moto haujawaka. Basi. Muadhini akawageukia watu akasema huyu ndo aliyewalisha nyie wote toka mna meno ya utoto, amekuja bombani kwake, muacheni. Akamshika mkono akamrudisha nyumbani, na siku hiyo adhana ilichelewa.

Nimelichambua hili tukio mara nyingi na kila mara narudi kwenye ile ndoo. Muda ulikuwa wake, njia ilikuwa yake, bomba lilikuwa lake, kitu pekee ambacho hakikuwepo tena ni biashara yenyewe kwa sababu wanawe walishamwachisha. Watu husema mgonjwa anazurura bila malengo, labda wapo wanaozurura hivyo, ila mi nawaomba kabla hamjasema mzee anazurura muulize alikuwa anafanya kazi gani na saa ngapi. Mlinzi mstaafu atatembea usiku. Mvuvi ataamka na maji yanapokupwa. Huyu bibi hakupotea, alikuwa anaenda kazini, na mtaa ulimwona mchawi kwa sababu mwanamke mzee, usiku, na mtoto anayeumwa vikikutana vinaunganishwa haraka kuliko akili inavyoweza kuvitenganisha.

Na msidhani natia chumvi kuhusu hatari. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa miaka mingi kwa sababu ya macho mekundu, ambayo ni moshi wa kupikia, wamepikia kinyesi cha ng'ombe maisha yao yote. Wenzetu Kenya, Oktoba 2021 huko Kisii wanawake wazee wanne waliuawa kwa siku moja wakiambiwa wachawi. Hapa kwetu Sheria ya Uchawi ipo toka 1928 na inasema wazi kumtuhumu mtu kwamba ni mchawi ni kosa, ila nani anaijua saa kumi usiku.

Baada ya hapo mambo yakawa mabaya zaidi, na hiki kipindi watu huwa wanakiruka wakisimulia. Ile video ilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, ikafika hadi Maskati, binti akamwona mama yake na kanga imedondoka, akapiga simu analia kwa hasira mnamfanyia nini mama. Familia kwa aibu na kwa woga wakamfungia. Chumba cha nyuma, komeo kwa nje, na usiku mguu umefungwa kitanda kwa kipande cha kanga. Siwalaumu kama watu waovu, walikuwa wanamzuia asiuawe. Lakini bibi akaanza kupiga kelele, kukataa kula, kujisaidia humohumo, na ndani ya muda mfupi aliyekuwa anatembea na kusalimia akawa mtu wa kukaa kwenye kona anavuta uzi wa kanga. Watoto wa mtaa wakimpitia dirishani wanaimba mwanga mwanga. Wageni wakija wanaongea habari zake mbele yake, anakula? anakojoa? kama vile hayupo.

Kuna Mwingereza mmoja alifanya kazi chuo cha Bradford, Tom Kitwood, alifariki 1998, huyu alitumia miaka yake ya mwisho kuangalia jinsi wagonjwa wa demensia wanavyotendewa kwenye vituo vya kulelea. Akasema kuporomoka tunakokuona si kwa ubongo peke yake, sehemu nyingine inatokana na jinsi watu wanavyomzunguka mgonjwa: kumdanganya, kumharakisha, kumfanya mtoto, kumpuuza, kumtisha, kuongea juu ya kichwa chake. Alikuwa anaongelea Uingereza, vituo vyenye manesi na vitanda safi, watu ambao kwa nje hawana ubaya wowote. Nilipokutana na mawazo yake niliona chumba cha nyuma cha huyu bibi kabisa. Sisemi ubongo wake mzima. Nasema tulimuongezea ugonjwa.

Mi niliingia rasmi hapo. Nilienda na mkaza mwana kwa mwenyekiti wa mtaa, tukapata barua, tukampeleka bibi hospitali ya maana. Kwa sera ya wazee ya 2003 mtu wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza anatibiwa bure na kuna dirisha la wazee, kumwona daktari kweli hatukulipa, dawa nyingine tukaambiwa mkanunue nje. Lakini daktari kijana tuliyempata alikuwa na subira ya ajabu. Hakuanza na kichwa. Alipima mkojo akakuta maambukizi, akatueleza kwamba mzee mwenye demensia akipata UTI anaweza kuchanganyikiwa ghafla ndani ya siku mbili tatu hadi mkasema karogwa, kwahiyo mkiona kabadilika ghafla msisubiri. Presha ilikuwa juu na hamna aliyewahi kuipima. Sikio moja limeziba nta. Jicho moja lina mtoto wa jicho. Unaona sasa, usiku ule bibi anaulizwa wewe nani hajibu, nusu ya sababu ni kwamba hakusikia.

Halafu ndo akampima kumbukumbu, na nilipenda alivyofanya. Hakumwambia achore saa wala asome, bibi hakusoma. Alitumia kile kipimo kilichotengenezewa huko Hai kwa ajili ya wazee wa Afrika, unamtajia maneno baadae unamuuliza, unamuuliza daraja ni kitu gani, unamwambia ataje wanyama wengi anavyoweza, unampangia njiti za kibiriti halafu naye apange vilevile. Bibi wanyama alitaja mbuzi, kuku, mbuzi, kuku. Njiti akaanza kuzikusanya kama mtu anayetaka kuwasha moto. Daktari hakucheka, akamwambia bibi moto utawaka tu. Akatuambia ni demensia, kuna uwezekano mkubwa presha ya miaka mingi imechangia kwa kuharibu mishipa ya ubongo, haitapona, ila maambukizi yatatibika, sikio litasafishwa, presha itashuka, na mengine yote yatategemea nyumba mnayomrudisha. Hiyo sentensi ya mwisho mkaza mwana aliirudia njia nzima kwenye daladala.

Mkutano wa mtaa tuliufanya jumapili chini ya mwarobaini. Mwenyekiti hakutaka kwanza, anaogopa mambo ya uchawi yatazua ugomvi, muadhini na shehe wa msikiti ndo waliomsukuma. Nilipewa nafasi nikaeleza ugonjwa, ubongo unavyonyauka, kwamba WHO, Shirika la Afya Duniani, lilihesabu watu kama milioni 57 wenye hali hii duniani mwaka 2021 na wengi wao wako nchi kama zetu. Sidhani hesabu ilimgusa mtu. Kilichowagusa ni pale mkaza mwana aliposimama akaeleza ndoo. Akasema mama alikuwa anakuja bombani. Kimya. Mama mmoja akasema kweli jamani, mi nilikuwa nakutana nae palepale saa hizohizo miaka ya nyuma. Mwingine akasema na mimi. Ushahidi wa watu wazima wa mtaa ukamrudishia bibi historia yake, na mtu mwenye historia ni vigumu kumwita mwanga. Mwenyekiti akamalizia na sheria, atakayemwita mtu mchawi atapelekwa polisi, na video ifutwe. Shehe akasema la kwake Ijumaa iliyofuata.

Nyumba yenye mtoto haikuomba radhi mpaka leo. Mtoto alipona, ilikuwa malaria, ila wao bado hawamsalimii bibi. Tumewaacha.

Mipango iliyofuata si mimi niliyeibuni, naomba hilo lieleweke, asilimia kubwa ni akili ya mkaza mwana. La kwanza alikataa kumlaza kwa nguvu saa tisa usiku. Bibi akiamka, anawashiwa taa, anapewa ungo na mchele kidogo achambue, na mwiko na bakuli akitaka kukoroga. Anachambua mchele uleule kila usiku, haujawahi kuisha, na wala hajali. Akimaliza anasikia adhana, anaswali, rakaa anazidisha au anapunguza, kisha analala hadi saa mbili. Kelele zilikoma hapo. Komeo liliondoka, mguu haukufungwa tena. Wakaweka kengele ya mbuzi kwenye mlango wa uani, ukifunguliwa inalia.

La pili ni wanawake wa kikoba cha mkaza mwana. Yeye alikuwa mwanachama na alishaanza kushindwa kuweka hisa kwa sababu biashara yake ya genge ilikufa akimlea mama. Mwenyekiti wa kikoba akasema badala ya kumfuta, kila mmoja achangie mchana mmoja, anakuja anakaa na bibi masaa matatu manne, wanasukana, wanamenya vitunguu, mkaza mwana anaenda gengeni. Ikawezekana. Bibi kwa wanawake wale ni mwingine kabisa, anacheka, anawatania kwa maneno ya unyagoni ambayo siwezi kuandika hapa, kumbukumbu ya jana hana ila utani wa miaka hamsini iliyopita uko kamili.

La tatu ni bodaboda. Walewale. Nilienda kijiweni na muadhini, tukawaambia hatujaja kuwashtaki, tunawahitaji, kwa sababu nyie ndo mko barabarani masaa yote. Tukawaelekeza: ukimuona bibi yuko mbali na nyumbani usimshike mkono, usimzuie njia, usimwambie umepotea. Mwamkie, shikamoo bibi, muulize vitumbua viko wapi leo, tembea naye anakokwenda kidogo afu mgeuze taratibu. Namba ya mkaza mwana imeshonwa kwenye pindo la kanga zake zote. Yule kijana aliyerekodi video ndo amemrudisha mara nyingi kuliko mwenzake yeyote, hajawahi kuongelea usiku ule na hatujamuuliza.

Sasa nije kwa mkaza mwana mwenyewe maana hapa ndo moyo wangu ulipo. WHO wanasema wanawake ndo wanaotoa asilimia 70 ya masaa ya kulea wenye demensia, na wastani wa mlezi ni masaa matano kwa siku. Masaa matano! Huyu dada alikuwa hana saa ambayo halei. Mgongo unauma, hedhi imevurugika, binti yake wa darasa la sita alianza kukosa shule siku za zamu. Mumewe anarudi jioni anauliza mama kala? kisha anakaa. Kaka wa Dar anatuma pesa kidogo kwa simu na maelekezo mengi. Anayebeba kila kitu ndiye asiye na sauti ya kuamua kitu, kwa sababu yeye ni wa kuja, wenye mama ni wao.

Tulipokaa kikao cha familia, wa Dar na Maskati wakiwa kwenye simu, nilisema waziwazi: mlipeni. Kila mwezi, kiasi maalum, mkononi mwake, si kwa mumewe. Jamani ilikuwa kasheshe. Analipwaje mtu kwa kumlea mama? Ni mfanyakazi? Ni radhi hizo, hazilipwi. Nikawauliza kama ni radhi mbona mmemwachia mtu ambaye si mama yake azichume peke yake? Binti wa Maskati akanyamaza muda, akasema mimi nalipwa huku kumuogesha mama wa watu, na mwenye nyumba hajawahi kuona ajabu. Ndo aliyekata mjadala. Sasa anatuma yeye, na kaka wa Dar anatuma ya pampasi za wakubwa ambazo bei yake inaumiza. Yule mume amepewa usiku wa Ijumaa na Jumamosi, alianza kwa kinyongo, siku hizi huwa anachambua mchele na mama yake.

Kulikuwa na suala la nyumba pia. Mtu mmoja wa familia alileta karatasi bibi aweke dole gumba, nyumba ibadilishwe jina "kabla mambo hayajaharibika". Mtendaji alikataa kuwa shahidi na mi nilimuunga mkono. Mtu akishajulikana hakumbuki jana, dole lake si ridhaa, mnajitafutia kesi ya miaka kumi ndugu kwa ndugu. Mambo ya mali yaongelewe mapema kabisa mzee akiwa bado anajua anachosaini, na mbele ya watu. Kwa huyu muda huo ulishapita, kwahiyo nyumba imebaki jina lake na itabaki hivyo akiwa hai.

Swali ambalo bado tunavutana ni la marehemu mumewe. Bibi anamuulizia, hasa magharibi: baba hajarudi shamba? Zamani walikuwa wanamwambia mama, baba alikufa. Kila akiambiwa analia msiba mpya, anauliza amezikwa lini, mbona hamkuniambia, na kesho yake tena. Mkaza mwana akaacha. Siku hizi anamjibu, hajafika bado, hebu niambie mlionana wapi mara ya kwanza? Bibi anasimulia, anasahau alichouliza. Mume wa mkaza mwana anasema huo ni uongo na mama hadanganywi. Mi niko upande wa mkaza mwana. Bibi hatafuti habari za kifo, anatafuta kuwa na mtu wake, na akisimulia anakuwa naye. Wengine mtaona vingine, sawa, ila kaeni naye magharibi tatu kwanza.

Ramadhani ilituletea la kwake. Bibi anataka kufunga, akiona watu wamefunga anafunga, saa nne anakula uji, saa sita anakuambia mi nimefunga. Wajukuu walikuwa wanamkosoa, bibi umekula! anatahayari hadi anatoka machozi. Shehe akawaambia watoto, aliyekula kwa kusahau Mungu ndiye aliyemlisha, na isitoshe bibi yenu hadaiwi funga kwa hali yake, kwahiyo akisema kafunga mwambieni Mungu aikubali na jioni mumpe tende awe wa kwanza kufuturu. Watoto walielewa haraka kuliko wakubwa wote.

Kilichobaki kigumu ni mapumziko ya mkaza mwana. Kikoba kina siku mbili hazina mtu kwa sababu mmoja kahama na mwingine anauguliwa, na bibi mwenyewe ameanza kupungua, akinywa chai anapaliwa, daktari kasema tumkalishe wima na tumpe taratibu. Kaka wa Dar ameahidi kuja likizo akae na mama yake wiki mbili ili huyu dada aende kwao Pangani. Tumemwandikia daftari: saa tisa taa na ungo, dawa ya presha baada ya chai, asimbishie, asimkosoe mbele ya watoto, akimuita kwa jina la baba yake aitike, mkojo ukibadilika harufu ampeleke hospitali siku hiyohiyo. Nauli ya Pangani iko tayari. Nimemwambia na kaka kwenye simu, kama hutoweza kuja sema mapema, tuanze kutafuta mtu mwingine sasa hivi.